Paneli za milango ya MGB: kwa nini zinabinuka chini kila baada ya msimu mmoja?

#1 Mtanga_wa_Leicester

Salaam wakuu. Nina MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya wazi ya mwaka 1971, ya kijani, nimeikarabati mwenyewe kwa miaka minne kwenye banda la nyuma ya nyumba hapa Leicester. Bodi imekamilika, injini haina neno, breki zinashika. Kinachonitoa jasho ni kitu nilichokiona chepesi kuliko vyote: paneli za ndani ya milango.

Za zamani zilikuwa zimeoza chini, hadibodi imevimba kama mkate uliolowa chai. Nikazilaza juu ya hadibodi mpya ya milimita 3, nikachora, nikakata, nikatoboa matundu ya klipu, nikabandika sponji nyembamba, nikavisha vinaili nyeusi (ile plastiki inayofanana na ngozi) na kuikunjia nyuma kwa gundi ya mkebe na pini za stepla. Mistari ya mapambo nikaipiga kwa cherehani. Siku nilipozifunga, mwezi wa tatu, nilikaa ndani ya gari nusu saa nzima nazitazama tu.

Kufika mwezi wa kumi na moja, ya mlango wa dereva imebinuka chini, imeachana na chuma kwa karibu sentimita moja, klipu mbili zimeng'oa matundu yake na vinaili imeanza kulegea kwenye kona. Ya abiria imejikunja kidogo tu. Kabla ya hapo nilinunua zilizotengenezwa tayari, nazo zikafanya vile vile. Ndiyo maana safari hii nikaamua kutengeneza mwenyewe. Kosa liko wapi?

#2 ShekheSpana

Maji, ndugu yangu. Usitafute mchawi mwingine. Mlango wa gari umeundwa uingize maji: mvua inateremka na kioo, inapita pale kwenye mpira wa juu, inaanguka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Hayo matundu yakiziba kwa uchafu na rangi mpya, mlango unageuka karai. Hadibodi inakunywa kutoka chini kwenda juu. Mimi nilikuwa na Triumph Spitfire hapa Mombasa, kila nikifungua mlango nasikia maji yanacheza humo ndani. Chukua waya, zibua.

#3 Nyundo

Mtu kaandika habari za mlango kwa mapenzi kama anaandika barua ya posa. Tuwekee picha basi tumwone bibi harusi.

#4 Seremala_Kongowe

Mimi si mtu wa magari, nafanya mbao, lakini hadibodi naijua. Ile ni nyuzi za mti zilizochemshwa, zikatandazwa zikiwa mbichi na kukandamizwa kwa moto mkali. Hakuna gundi ya kuzungumzia, ile lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe, ndiyo inayoshika. Ndiyo maana ina upande laini na upande wenye alama za wavu: ule wavu ndio unaopitisha maji wakati wa kuikandamiza. Sasa, ipo hadibodi ya kawaida na ipo iliyonyweshwa mafuta ya kitani na kuokwa tena. Hii ya pili ni nyeusi zaidi na nzito, na maji inayakataa kwa muda mrefu. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba hadibodi tu, utapewa ile ya mgongo wa kabati.

La pili, na hili watu hawalijui: umevika upande mmoja. Upande wa mbele una gundi, sponji na vinaili, hewa haipiti. Upande wa nyuma uko uchi. Unyevu ukija, nyuma inatanuka, mbele haitanuki. Ubao lazima upinde. Hata pasingeingia tone la maji, ungepinda kwa unyevu wa hewa peke yake. Sisi tukibandika fomaika juu ya meza, chini pia tunabandika kitu.

#5 Mtanga_wa_Leicester

Ahsanteni. @ShekheSpana, nimepitisha waya leo asubuhi, matundu yote yako wazi. Niliyaangalia pia wakati wa kupiga rangi. @Seremala_Kongowe, mzee, umenikamata. Ni hadibodi ya mgongo wa kabati kweli, na nyuma sikupaka kitu.

Swali: je, ile karatasi ya nailoni nyuma ya paneli ni lazima? Nilipofungua milango mara ya kwanza sikuikuta, nikadhani gari hizi hazikuwa nayo.

#6 Bisibisi

Hukuikuta kwa sababu fundi fulani miaka ya nyuma aliichana akitafuta kioo kilichoanguka, akaitupa. Kila gari kuukuu ni hivyo. Weka nailoni nzito, igundishe kwenye chuma pande zote, ila chini ipenyeze ndani ya ule mwanya wa mlango ili maji yaliyoigusa yarudi ndani ya mlango, si kwenye ubao. Wengi wanaibandika chini kwa nje, halafu wanashangaa.

Lakini mimi nawapinga wote wawili. Niko Nairobi na MGB GT, yenye paa la chuma. Inalala ndani ya gereji, mvua inaiona kwa bahati mbaya. Reksini mpya, hadibodi mpya, na zimepinda! Si maji. Ni jua. Nikienda kazini inashinda nje, saa nane ukigusa reksini ya mlango unaondoa mkono. Reksini inakauka na kujivuta, inaukunja ubao kama ngozi ya ngoma.

#7 Kijana_wa_Abingdon

Marekebisho madogo kwa @Bisibisi: hiyo si reksini. Rexine ilikuwa jina la biashara la kitambaa cha pamba kilichopakwa nitroselulosi, kitu cha kabla ya plastiki hizi za sasa. MGB imevikwa vinaili, yaani PVC. Si ubishi wa majina tu, zinazeeka tofauti. PVC inalainishwa kwa mafuta yaliyochanganywa ndani yake, na mafuta hayo yanatoka taratibu kwa joto. Yakitoka, vinaili inakuwa ngumu na inasinyaa. Kwa hiyo hoja yako ya ngoma ina msingi, ila kwa vinaili mpya ya miezi minane sidhani.

Naishi hapa Abingdon, mji zilikotengenezwa gari hizi tangu 1962 mpaka kiwanda kilipofungwa mwezi wa kumi 1980. Zilitoka zaidi ya laki tano. Walitumia hadibodi kwa kuwa ni rahisi na gari lilikuwa la bei ya mtu wa kawaida. Hakuna aliyekuwa anafikiria ubao ule uishi miaka 50.

#8 Bisibisi

Huku kitu chochote kinachofanana na ngozi na si ngozi ni reksini, na fundi wa viti ukimwambia vinaili atakuuliza ni ya rangi gani hiyo reksini. Nimekuelewa lakini.

#9 MamaCherehani

Nimesoma mpaka hapa nikingoja mtu aguse cherehani, hakuna. Nashona viti na milango ya gari za zamani hapa Birmingham kwa miaka kumi na tano.

Mtanga, gari la 1971 halikuwa na mishono kwenye paneli. Mistari yake ilibanwa kwa joto kiwandani: vinaili na sponji vinayeyushwa pamoja kwenye mstari chini ya mashine, hakuna uzi. Wewe umeshona. Shida si uzuri tu. Umeshona kabla ya kuvisha, sivyo? Ukishona vinaili juu ya sponji, kitambaa kinapungua, kila mstari unakula milimita moja au mbili. Halafu ukakivuta kifike kwenye kingo ulizochora kwa paneli ya zamani. Ule mvuto haukuondoka, umelala ndani ya ubao unangoja hadibodi ilainike. Siku ubao ulipopata unyevu kidogo, mvuto ukashinda.

Tena nakuuliza: ulivisha mwezi gani? Bandani palikuwa na joto?

#10 Mtanga_wa_Leicester

Mwezi wa pili, dada. Baridi kali, nilikuwa nimevaa makoti mawili. Na ndiyo, nilishona kwanza nikavisha baadaye.

#11 MamaCherehani

Basi. Vinaili ya baridi haivutiki, inalazimishwa. Unatakiwa uilaze karibu na joto hadi iwe laini mkononi, uivishe bila kung'ang'ana, uanzie katikati ya kila upande na kona ziwe za mwisho. Kwenye kona unakata pembe tatu ndogo nyuma ili isirundikane, maana mafungu ya vinaili kwenye kona nayo yanaisukuma paneli mbali na chuma. Wanafunzi wangu wote wanaanza kwa kukosea hapo hapo.

#12 Nyundo

@Mtanga makoti mawili na gundi ya mkebe ndani ya banda lililofungwa! Wewe unaipenda hiyo gari.

#13 Kiatu_Raba

Naingilia kutoka Unguja. Mimi ni fundi viatu, gari sina, lakini hiyo habari ya vinaili kulegea kwenye kona naiona kila siku dukani.

Gundi ya mkebe ya manjano, ile ya kawaida ya viatu, ni ya neoprini, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Kwa ngozi, kitambaa na mpira ni nzuri sana. Kwa PVC inashika siku ya kwanza ukafurahi. Baadaye yale mafuta aliyoyataja kijana wa Abingdon yanahama kutoka kwenye plastiki, yanaingia kwenye gundi, na gundi inalainika inakuwa kama asali. Ukibandua utaona inanata vidoleni, haijakauka. Soli ya PVC sisi hatuibandiki kwa gundi hiyo, tunatumia ya poliuretani. Na tunasugua kwanza kwa msasa laini.

Ibandue hiyo kona uiguse. Ikiwa kavu na imemeguka, ni maji au ubao. Ikiwa inanata, ni gundi.

#14 Bahari_ya_Maskati

Naunga mkono kwa nusu. Huku Maskati kiangazi kinapita digrii 40 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo. Gundi ya kupuliza kwa kopo haimalizi mwezi. Nimebadilisha ya kupaka kwa brashi inayovumilia joto kali, nikapaka pande zote mbili, nikangoja ikauke isishike kidole, ndipo nikabana. Miaka mitatu sasa. Na ni neoprini hiyo hiyo unayoisema, @Kiatu_Raba, ila ya daraja la juu. Kwa hiyo si aina ya gundi tu, ni subira. Watu wanabana ingali mbichi, na ile hewa ya gundi ikikosa pa kutokea inainua vinaili.

Hadibodi niliiacha kabisa. Nilikata bati la alumini la milimita 1.5. Halipindi, halili maji. Linapiga kelele barabarani mpaka uligundishe lami ya kuzuia mtetemo nyuma.

#15 Kijana_wa_Abingdon

Alumini inafaa, ila kumbuka gari la Mtanga si la mashindano. Nikitia mkono mlangoni nataka nisikie ubao.

#16 ShekheSpana

Mnachagua kati ya ubao na bati, wenzenu wa zamani hawakuwa na hata kimoja. Austin-Healey Sprite ya kwanza, ile ya macho ya chura ya 1958, mlango wake ulikuwa ganda tupu, ndani unaweka ramani, chupa ya maji, hata viatu. Hakuna kioo cha kupandisha, hakuna kishikio cha nje. Na MGA ya wazi, iliyotangulia MGB, ilikuwa hivyo hivyo kwa nje, unapenyeza mkono ndani na kuvuta kamba iliyokaa mfukoni mwa mlango. Raha ilioje. Matatizo yote haya yalianza siku walipotaka vioo vya kuzungusha.

#17 Bisibisi

Mzee wangu mmoja hapa Nairobi ana MGA, ile kamba ilikatika tukiwa njiani Naivasha. Mlango ulikuwa umejifunga, akatoka kwa kuruka juu yake akiwa na suti. Umri wake ni miaka sabini na mbili.

#18 Mtanga_wa_Leicester

Nimerudi na majibu. Jumamosi nilifungua mlango wa dereva wote. Kishikio cha kuzungushia kioo (skrubu moja), kishikio cha kuvutia mlango (skrubu mbili), fremu ndogo ya plastiki inayozunguka kitasa cha ndani, halafu klipu za pembeni na chini, na paneli ikateremka kutoka chini ya ule ukingo wa juu wenye sponji.

Kwanza, gundi. @Kiatu_Raba, kwenye kona ya chini nyuma inanata, kama ulivyosema. Lakini kona ya mbele imekauka na kumeguka! Paneli moja, gundi moja.

Pili, maji. Nilimwagia kioo maji kwa mpira wa bustani kwa dakika kumi mlango ukiwa wazi bila paneli, nikamulika kwa tochi. Maji yanateremka na kioo vizuri na kutoka chini. Ila yakigonga ule mkono wa chuma unaopandisha kioo yanarushwa kwa ndani, pale pale paneli ilipobinuka. Kwa hiyo nailoni ilihitajika.

Tatu, hili nimeligundua kwa bahati. Paneli yangu ni ndefu kuliko nafasi yake kwa milimita 3. Niliichora kwa kufuata ile ya zamani, na ile ya zamani ilikuwa imevimba.

#19 Seremala_Kongowe

Haya. Ubao uliolowa hauwi kipimo. Ulinakili ugonjwa.

#20 ShekheSpana

Hiyo namba tatu ndiyo jibu lako! Paneli ndefu inasukumwa na ule ukingo wa juu, chini haina pa kwenda ila nje. Klipu zikang'oka kwa sababu hiyo. Nafuta niliyosema kuhusu matundu. Pima upya kutoka kwenye chuma cha mlango, si kutoka kwenye ubao.

#21 Bisibisi

Yangu ni fupi kuliko nafasi yake, nimeipima sasa hivi, na imepinda. Kwa hiyo bado nasema jua. @Mtanga, gari inaegeshwa ikielekea wapi?

#22 Mtanga_wa_Leicester

Upande wa dereva unatazama kusini. Jua la mchana lote ni lake. Na mvua ya upepo huja upande huo huo.

#23 Bisibisi

Unaona!

#24 ShekheSpana

Naona mvua.

#25 MamaCherehani

Mlango wa dereva pia ndio unaofunguliwa mara kumi kabla wa abiria haujafunguliwa mara moja. Angalia zile skrubu mbili za kishikio cha kuvutia. Zikishika ubao peke yake bila kufika kwenye chuma, kila ukifunga mlango unaivuta paneli, siyo mlango. Nimeletewa milango mingi iliyopinda kwa sababu hiyo tu, wenye nayo wakilaumu mvua.

#26 Mtanga_wa_Leicester

Moja imeshika chuma. Nyingine tundu lake limepanuka, inazunguka tu. Dada, unanitisha, maana kila mliloandika nalikuta humo.

Mpango wangu: mlango wa dereva nitengeneze kwa plaiwudi ya baharini (ile inayostahimili maji) ya milimita 4, gundi ya poliuretani, vinaili isiyoshonwa, nailoni nyuma. Wa abiria nibakize hadibodi, ila ile ya mafuta, nipake vanishi nyuma na kwenye kingo zote. Tuone baada ya majira ya baridi ipi imesimama.

#27 Kijana_wa_Abingdon

Plaiwudi ya 4 itakusumbua. Klipu zake ni za ubao wa 3, na kishikio cha kioo kitakaa juu juu, meno yake hayatashika yote. Tafuta ya 3.

#28 Seremala_Kongowe

Ipo ya milimita 3, ni ghali lakini ipo. Matundu ya klipu ukishayatoboa, yapake vanishi kwa ndani kwa kijiti. Maji yanaanzia hapo, kwenye kidonda, si kwenye ngozi. Halafu uache siku mbili kabla ya gundi.

#29 MamaCherehani

Mimi napinga huo mpango mzima. Unabadilisha ubao, gundi, kitambaa na nailoni kwa pamoja upande mmoja, na milango yenyewe haipati jua sawa wala mvua sawa. Ikisimama ya dereva, kila mtu humu atasema ni hoja yake iliyoponya. Tengeneza milango yote miwili sawasawa, pima kutoka kwenye chuma, badilisha kitu kimoja tu kati ya kushoto na kulia.

#30 Bisibisi

Na ageuze gari, aegeshe ikitazama upande wa pili nusu ya msimu.

#31 Mtanga_wa_Leicester

Barabara yetu ni ya njia moja, nikigeuza nalipa faini. Ila hoja ya dada nimeikubali. Milango yote miwili plaiwudi ya 3, vanishi pande zote, vipimo vipya, nailoni, skrubu kwenye chuma. Tofauti itakuwa gundi peke yake: kulia poliuretani, kushoto neoprini ya joto kama ya Maskati. Naivisha jikoni, si bandani. Mke wangu amekubali kwa sharti kwamba meza irudi kama ilivyokuwa.

#32 Kiatu_Raba

Sugua nyuma ya vinaili kwa msasa kabla ya poliuretani, usisahau. Na fungua madirisha ya jiko.

#33 Nyundo

Picha bado. Kurasa mbili zote za uzi hatujaiona hata kona moja ya mlango.

#34 Bisibisi

Wakati mnangoja picha: kuna mtu ana vipimo vya paneli ya kushoto vilivyochukuliwa kwenye chuma? Mwezi wa tisa kuna Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na majaji hawaishii kwenye rangi, wanaingiza kichwa ndani, kwenye buti, mpaka chini ya gari. Yangu siwezi kuipeleka na milango inayopiga makofi.

#35 Mtanga_wa_Leicester

Kesho nikimaliza kupima nakutumia kwenye karatasi kubwa, ukubwa wake halisi. Weka alama tundu la kitasa kwanza, halafu pima mengine kutoka hapo. Mlango wangu wa kushoto uliwahi kugongwa na kunyooshwa, kwa hiyo ukingo wa nyuma upime kwenye gari lako mwenyewe kabla ya kukata.